Kadi Yenye Feni Mbili

Kitu chenye ganda hakikuwahi kumbabaisha Hamisi Mponda. Kwenye ghala la chama cha ushirika, pembezoni mwa mji wa Mtwara, kazi yake ilikuwa kuchota korosho ghafi kwa kiganja, kuziachia zidondoke mezani, kusikiliza mlio wake, kisha kutamka: daraja la kwanza, daraja la pili, au rudi nazo ukaanike upya. Wakulima wa Mpapura walimnunia, wakamteta njia nzima wakirudi kwao, na msimu uliofuata walipanga foleni mbele yake tena. Mkono wake haukuwa na upendeleo, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Alikuwa na yale maringo ya kimya kimya, ya mtu asiyejisifu lakini anayengoja asifiwe.

Sasa hebu mtazame asubuhi hii ya mwaka 2007, amesimama mbele ya kaunta ya Shahzad muuza redio na majokofu, kijasho chembamba kinamtoka, mkononi ameshika kitu cha kijani chenye miiba, na hajui kama amekishika wima au kichwa chini. Wakulima wa Mpapura wangemwona, wangecheka mpaka wakae chini.

Kilichomleta pale ni mpwa wake, Ismaili. Kijana alikuwa winga wa timu ya Mtawanya, mwenye mbio za kuudhi, mpaka siku alipopanda mnazi kuangua nazi kule Msimbati akateleza. Hospitali walisema mgongo umepona lakini miguu haitarudi. Tangu hapo alilala amegeukia ukuta. Wachezaji wenzake walikuja mwanzoni, wakakaa kwenye mkeka wakiongea na mgongo wake, mwisho wakaacha kuja. Mama yake, Halima, alimbembeleza kwa uji, kwa dua, hata kwa kumfokea. Wapi.

Na kwa Wayao mjomba si mgeni wa kuleta mkate sikukuu. Mtoto wa dada ni wa mjomba, akipotea anaulizwa mjomba. Hamisi alikuwa akienda kila jioni kukaa karibu na kile kitanda, anapekecha kofia yake. Mpaka jioni moja mgongo ule ukatoa sauti.

"Mjomba, ningepata kompyuta ya kuchezea mpira, ningecheza."

Hamisi aliruka kwenye kigoda. "Ya namna gani, baba?"

"Yoyote. Iwe na nguvu tu."

Basi. Lakini Hamisi alitoka nje, akajificha nyuma ya banda la kuku, akalia kama mtoto. Kesho yake akachukua akiba yote ya msimu na kwenda mjini, bila kuuliza swali lingine, akiogopa kwamba akiuliza sana kijana atabadili mawazo.

"Mzee Hamisi, kompyuta za ofisi ninazo," alisema Shahzad. "Lakini hizo za kuandikia barua. Ukiwekea mpira, kipa ataruka abaki hewani hadi kesho. Ya michezo inaungwa. Unachagua kimoja kimoja, fundi anaunganisha."

Akapanga vitu juu ya kaunta. Yeye mwenyewe alikuwa amevipokea karibuni kutoka kwa binamu yake Dubai, na ukimwangalia vizuri ulimwona naye anapapasa.

"Hii ndiyo prosesa. Inafikiri."

"Kadogo haka?"

"Ndiyo, mzee. Na hii ramu, inakumbuka."

"Inayofikiri haikumbuki?"

Shahzad alijikuna shingo. "Inakumbuka kidogo. Na hili disiki nalo linakumbuka, hata umeme ukikatika."

"Kwani ramu umeme ukikatika inafanyaje?"

"Inasahau yote."

Hamisi aliitazama ile ramu kwa huruma. "Sasa mwanangu, utaniuziaje kitu kinachosahau?"

"Bila hiyo haiwaki, mzee."

Kichwa kilianza kumzunguka. Kila jibu lilizaa maswali mapya, na kila swali lilimfanya Shahzad ajikune mahali pengine. Mwishowe Hamisi aliamua kuacha kuuliza na kurudi kwenye alichokijua. Akafumba macho, akanyoosha kiganja. Akapima bodi mbili, zile kubwa zinazobeba vitu vingine vyote, akapitisha kidole pembeni kutafuta nyufa, akanusa. Akachagua iliyong'aa, isiyo na mkwaruzo. Kisha zikaja kadi za picha, na Shahzad akamwambia kwamba humu ndimo zilimo nguvu za mpira, bila hii hakuna mpira. Moja ilikuwa nyepesi, haina hata feni, ina kipande cha bati chenye mbavu mbavu. Nyingine ilikuwa pande la kadi, nzito, na feni mbili zimekaa juu yake. Bei zao zilikuwa pua na mdomo. Hamisi aliinua ile nzito, akaitikisa karibu na sikio. Haikucheza ndani.

"Daraja la kwanza," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile pumzi yake ikatulia.

"Mateka wangu! Nani amekufungua kamba?"

Sauti ilitoka nyuma ya rafu. Ilikuwa ya Lukasi Ngonyani, fundi wa duka, Mngoni wa Songea. Wangoni na Wayao ni watani tangu enzi za vita vya mababu, na watani hawasalimiani kama watu wengine.

"Mla panya wewe," alijibu Hamisi, moyo umemchangamka. "Leo umekula wangapi hata unapiga kelele hivyo?"

"Wawili tu, nimekuwekea mkia." Lukasi akasogea, akatazama kaunta. Uso wake ukabadilika kidogo. "Hiyo kadi haitaingia kwenye hiyo bodi."

Hamisi akacheka.

"Mponda, nakwambia. Kadi ni ya zamani, bodi ni mpya. Mdomo wa hii na mdomo wa hii mbalimbali. Hata ukiipaka mafuta ya nazi haiingii."

Ule utani wa mafuta ya nazi ndio ulioharibu. Hamisi alipiga kaunta kwa kicheko, na Shahzad, aliyekuwa hajui lipi la kweli, akacheka pia ili asionekane hajui. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamwambia aoke mihogo. Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Lukasi huyuhuyu ndiye aliyekuja kwenye msiba wa mama yake Hamisi, akalala kaburini akidai kiingilio, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Utamwaminije mtu kama huyo na habari za midomo ya kadi?

"Naapa kwa Mungu," alisema Lukasi.

"Mungu yupi, wa panya?"

Lukasi alingoja Hamisi alipe na Shahzad apange maboksi kwenye mfuko. Halafu, kama mtu aliyekata shauri, aliunyakua ule mfuko na kukimbia nao nyuma ya rafu akipiga vigelegele. "Nyara za vita! Nyara!" Ukasikika mparaganyo huko nyuma, vitu vikigongana, Shahzad akilalamika kwamba watamvunjia televisheni. Mwishowe Lukasi akarudi anahema, akamkabidhi Hamisi mfuko kwa heshima ya kejeli, na kuahidi kuja Jumapili baada ya misa kuunganisha mashine. "Na jogoo awe tayari," alisema.

Hamisi alifika Mtawanya anacheka peke yake. Akapanga vitu kwenye mkeka chumbani kwa Ismaili, Halima akaja na kanga begani, akavitazama vile vipande.

"Kaka, ndiyo kompyuta hiyo?"

"Ndiyo."

"Mbona imevunjika?"

"Haijavunjika, dada, haijaungwa. Subiri uone mnyama mwenyewe." Akafungua boksi la kadi, kwa madaha, akitaka angalau ule mgongo ulio kitandani usikie uzito wa kitu alichonunua.

Ndani ya boksi mlikuwa na kile kikadi chepesi chenye mbavu za bati.

Alikigeuza. Akatazama ndani ya boksi, akalipindua, akalipiga matako. Akafungua maboksi mengine. Feni mbili hazikuwapo popote. Hapo ndipo akakumbuka mparaganyo wa nyuma ya rafu, na damu ikampanda kichwani. Mtani ana haki ya kukunyang'anya kofia, kuku, hata baiskeli, na wewe huna haki ya kununa. Lakini hiki hakikuwa chake. Kilikuwa cha mgonjwa, na mgonjwa hataniwi.

"Mngoni ameniibia!" alifoka. "Amechukua daraja la kwanza, ameniwekea hili pumba! Naenda sasa hivi. Naenda kuvunja utani!"

"Kaka, usiseme neno hilo," alisema Halima, ameshtuka kweli. "Ukiuvunja, siku tukifiwa nani atatuchekesha?"

"Na huyu je?" Hamisi alinyoosha kidole kitandani. "Nilimwahidi nguvu. Nitamwambia nini? Mimi sijui hata kimoja kati ya hivi, Halima. Sijui kipi kinafikiri wala kipi kinasahau. Kimoja tu ndicho nilichokijua, na hicho ndicho kimeibiwa!"

Alikaa chini kwenye mkeka katikati ya vipande vyake, mtu mzima mwenye mvi, akishika hiki na kukiacha, akishika kile na kukiacha. Alijiona mjinga, na alichoogopa zaidi ya ujinga ni kwamba Jumapili ingefika, mashine isiwake, na mgongo ule usiseme tena.

"Mjomba."

Wote wawili waligeuka.

"Nipeni hiyo kadi. Na mazabodi."

"Na nini?"

"Hilo bodi kubwa."

Ismaili alikuwa ameegemea kiwiko. Uso wake, ambao Hamisi hakuuona sawasawa kwa miezi, ulikuwa umekonda na ndevu chache zimeota. Halima alisogeza mto nyuma yake harakaharaka, bila kusema neno, kana kwamba neno lingemrudisha ukutani. Kijana akaweka bodi kwenye mapaja yake yasiyosikia, akatafuta kwa kidole, akaielekeza kadi, akabonyeza. Ikalia tak. Ikakaa.

Akaitikisa. Haikutoka.

"Imeingia," alisema Ismaili. "Ile mliyoitaka ilikuwaje?"

"Ina feni mbili. Nzito."

"Na hapa kwenye meno yake, ilikuwa na pengo sehemu hii au hii?"

Hamisi alifikiri, akaonyesha. Kumbukumbu ya mkono wake ilikuwa nzuri hata kwa kitu asichokijua.

"Basi isingeingia, mjomba. Hata mngefanyaje." Na mdomo wake ukavutika upande mmoja. "Hata mngeipaka mafuta."

Hamisi alimtazama mpwa wake, akatazama kadi, akatazama tena mpwa wake. Hakuelewa. Akaelewa. Halafu akachanganyikiwa upya, maana sasa hakujua kama amkasirikie Lukasi kwa kuiba au amshukuru, na mtani hashukuriwi.

Jumapili Lukasi alikuja na bisibisi, bado amevaa shati la misa. Hamisi alimpokea mlangoni kwa sura ya kazini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mpaka nikaapa. Ukacheka." Lukasi alivua viatu. "Nikaona nikuibie tu, ndicho unachokiamini kwangu."

Hamisi akaenda bandani kumkamata jogoo mwenyewe.

Aliporudi, Ismaili ndiye aliyekuwa akiunganisha, na Lukasi anampa skrubu moja moja huku akimsimulia jinsi Wayao walivyokimbia vitani. Mchana ulipopinda mashine ikawaka. Feni ya ndani ikanguruma, herufi nyeupe zikapita kwenye kioo, Halima akasema bismillahi na kurudi nyuma hatua moja. Ismaili alipapasa chini ya godoro, akatoa CD ya mchezo wa mpira. Alikuwa ameinunua kabla hajaanguka, na muda wote ule alikuwa ameilalia.

Uwanja ukajitokeza, wa kijani mno, na watu wadogo wakatapakaa juu yake. Hamisi alivuta kigoda karibu. Alikunja macho, akafuata mpira, ukampotea, akaufuata tena. Machoni pake wote walikuwa na jezi moja, wote walikwenda huku na huko, na hakujua nani wa nani wala goli lao liko upande gani. Aliona haya kuuliza tena, baada ya maswali yote ya juma lile. Lakini mjomba ni mjomba, inampasa ajue.

"Ismaili, baba, hebu nisaidie," alisema. "Wewe ni yupi hapo?"

Vidole vya kijana vilikuwa vikigonga vitufe, macho hayakutoka kwenye kioo. Kule pembeni kabisa, karibu na mstari mweupe, mmoja wa wale watu wadogo alikuwa amechomoka na mpira, na mabeki wawili wamebaki nyuma.

"Huyu anayekimbia, mjomba."