Amina ya Upande wa Wanawake

Kila shughuli aliyofunga vyombo vya sauti, marehemu Shuaibu alikwenda kwanza kukaa na wanawake. Maiki ikishajaribiwa, alizunguka nyuma ya pazia, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa mwisho, jirani na masufuria.

"Huyo kaja kunusa pilau!" walimtania.

"Nimekuja kusikiliza, shangazi zangu. Pilau mtanifungia."

Alikuwa na kipimo chake. Dua ikisomwa, wanaume wakaitika "amina" na wanawake wakachelewa, alijua hawasikii, wanafuata tu wenzao. Hapo hakuongeza sauti. Turubai kubwa, alisema, ukilipigia kelele linakurudishia kelele. Alipunguza, kisha akasogeza spika moja nyuma, akaielekeza kwenye watu.

Siku ya hitima yake pale Kerege turubai lilijaa, Alhamdulillahi. Dada yake, Ashatu, alikaa nyuma ya pazia na mama yao, Bi Mwanahija, ambaye masikio yake yalikwisha kupungua nguvu. Spika zote zilikuwa mbele kwa wanaume. Sheikh alipoanza dua, huku nyuma ulifika mvumo tu.

"Wameshamtaja mwanangu?" mama aliuliza.

"Bado, mama," Ashatu alijibu, wala hakuwa na hakika.

Viganja vya mama vilikuwa wazi, vinangoja.

Ashatu alijitanda kanga yake vizuri, akapita kwa nje hadi kwa Husseni, rafiki wa marehemu, ndiye aliyefunga vyombo siku ile.

"Kaka Husseni, huku nyuma hatusikii."

"Niongeze?"

"Ukiongeza, maiki itapiga mluzi. Njoo ukae alipokuwa akikaa mwenzio."

Husseni alimtazama, machozi yakamlengalenga. Akaenda, akavua viatu, akaketi mkekani, akainamisha kichwa.

"Astaghfirullah. Hata mimi nimesahau!"

Alibeba spika moja akaileta nyuma ya pazia, akaigeuzia mkeka, akapunguza sauti za mbele. Sheikh alipoona pilikapilika zile alinyamaza, akasubiri, halafu akairudia dua tangu mwanzo.

"Ewe Mola, msamehe mja wako Shuaibu bin Maulidi, umpanulie kaburi lake."

"Amina!" alisema Bi Mwanahija, kwa sauti ambayo Ashatu hakuisikia kwake tangu msiba.

Wanaume nao walikuwa ndio kwanza wanaitika. Nyuma ya pazia, mpaka kwenye masufuria, hakuna aliyechelewa.