Mlango wa Kupita na Ndoo Kichwani

Safari hii niliifunga kwa sababu ya tumbo la mke wangu. Neema alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu: mama yake aje Tunduma amsaidie uzazi. Sasa, kwa wakwe zangu kuna desturi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, sembuse kulala chini ya paa moja, mpaka mkwe apeleke zawadi ya kudumu na mama aikubali kwa kinywa chake. Tangu nioe, nilichowahi kukiona cha mama mkwe ni pindo la kitenge likipotea nyuma ya nyumba.

Bahati yangu mimi ni seremala, na mama alikuwa anajenga. Akaagiza mlango na fremu yake. Kipimo alinipa shemeji yangu Jofrey kwa simu: uwe mlango wa kupita na ndoo kichwani bila kuinama. Nikamwomba anitajie sentimita. Akasema ukuta wenyewe umesimama kusubiri fremu yangu, kwa hiyo hakuna cha kupima ila mama, na mama amekataa katakata kupimwa urefu kwa ajili ya seremala akiwa bado mzima. Hapo sikuweza kumlaumu, maana majeneza nayo tunatengeneza sisi.

Nikamuuliza Neema mama yake ana urefu gani. "Mrefu kunizidi," akanijibu bila hata kufikiri. Neema mwenyewe si haba, tukipiga picha mimi hutafuta pa kukanyaga. Nikamsimamisha uani na ndoo tupu kichwani, nikavuta futi kamba, kisha nikaongeza shibiri moja ya heshima. Fremu ilipokamilika, majirani walitaka kujua ni nani anayefuga twiga.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia sokoni Tunduma kununua mchele wa kupeleka ukweni. Mbele yangu mama mmoja kutoka upande wa Zambia alikuwa akibishana na muuzaji: yeye anataka apimiwe kwa meda yake, kopo la kupimia la kwao, muuzaji anashikilia sado, kindoo chetu cha huku. Walimimina mchele huku na huku mpaka nusu ukawa chini, wakicheka wote wawili. Zamu yangu ilipofika, muuzaji alijaza sado hadi ikawa na kilima, akatupia na konzi moja juu yake. Nilimuuliza hiyo ya nini. Akanitazama kana kwamba nimelelewa porini, akasema hiyo ni nyongeza, na asiyeongeza hauzi chakula, anauza hesabu.

Tulipotoka kwenye foleni ya malori na kushika barabara ya Sumbawanga, niligundua kwamba dereva wa kenta niliyoikodi kubeba fremu, Saidi, mtu wa Tanga aliyehamia mpakani, hana geji ya mafuta. Ilikufa zamani. Kila baada ya mwendo alisimama, akachovya kijiti kwenye tenki, akakitazama kwa umakini wa daktari, akasema, "Tupo vizuri." Nilimtania kwamba kijiti chake hakina hata alama. Akaniuliza kama mlango niliobeba nimeupima kwa mtu niliyemwona. Nikageukia mashamba ya mahindi.

Tulipoacha lami, kila tuliyemuuliza njia alitujibu ni hapo mbele tu. Hapo mbele tu ilitufikisha mchana umekomaa, vumbi hadi kwenye kope.

Kijijini kwao, Ndalambo, shemeji Jofrey na vijana wawili waliisimamisha fremu palepale kwenye pengo la ukuta na kuiegemeza kwa miti. Ilipaa juu ya matofali mpaka nikaona aibu. Mama mkwe alikuwa jikoni, na maneno yake tuliyapata kupitia Jofrey. Kwanza aliuliza habari za Neema. Kisha akasema ataujaribu mwenyewe mlango na ndoo yake, akiukubali atasafiri, asipoukubali tuurudishe. Nilimfikiria Neema amekaa kitandani na kanga alizokwisha kunja, nikajiona nikirudi na fremu peke yake.

"Shemeji, angalia chini," Jofrey aliniambia. "Mama anakuja."

Niliinamisha macho. Nikasikia maji yakicheza kwenye ndoo, kisha nikaona miguu miwili, midogo kama ya msichana wa shule, ikisimama katikati ya fremu.

"Fundi aliambiwa mimi ni mnara wa simu?" sauti ikauliza. Halafu ikalegea. "Nitazame, baba."

Nikainua kichwa. Mbele yangu alisimama mama mfupi asiyenifika begani, ndoo imetulia kichwani, na juu ya ndoo pengo ambalo ungeweza kupitisha ndoo nyingine. Miaka yote nilikuwa nikimwogopa mtu huyu. Nikaanza kujitetea kwamba kipimo alikitoa Neema.

"Neema bado ananitazama kutoka chini," alisema, akatabasamu.

Nikamwahidi kuipunguza fremu palepale, msumeno ninao.

"Iache. Huko sokoni mchele huongezewi?"

"Naongezewa, mama."

"Basi hiyo ya juu ni nyongeza. Jofrey, niletee mzigo wangu."

Sikuona haya kufuta machozi mbele yao. Mama alisingizia vumbi kwa niaba yangu.

Safari ya kurudi mama alikaa kati yangu na Saidi, akakisifia kijiti chake kila kilipochovywa. Nami nilijifunza jambo ambalo futi kamba yangu haikunifundisha: mtu humpimi mpaka akuruhusu umtazame, na hata hapo, wanaompenda watakuwa na kipimo chao.

Huku Tunduma, mlango wa nyumba tunayopanga ni mfupi, mimi mwenyewe huinama kila siku. Mama mkwe aliuvuka wima. Neema, na tumbo lake, akajikunja mpaka kidevu chake kikalala juu ya kilemba cha mama yake. Kisha, akiwa bado amejikunja vilevile, akanitazama kwa fahari.

"Si nilikwambia ni mrefu?"