Mdruzi wa Newala na Ghala Lililofungwa

Habari ilinikuta hapa Masasi asubuhi, nikiwa kwa fundi baiskeli. Mama mmoja muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, aliyeshuka kutoka Newala alinisalimia, akaniuliza kama nimesikia. Nikasema sijasikia. "Mdruzi wenu amefariki jana, Mwalimu. Wanazika leo mchana." Nikaiacha baiskeli palepale, gurudumu likiwa mikononi mwa fundi. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sina desturi ya kutaja majina ya watu, na leo sitaivunja. Hili ni jina la utani tu, na mwenyewe alilipenda kuliko lile alilobatizwa. Machozi nilikwisha kuyatoa. Haya nayaandika kwa hasira, na hasira yenyewe niliipata mazikoni.

Alikuwa Mmakonde wa Mkunya, baba na mama. Miaka ya ujamaa serikali ilimpeleka Syria kusomea mitambo ya maji, na huko akapangiwa kazi za vitendo katika mji wa Suwayda, ambao wakazi wake wengi ni Wadruzi. Alirudi na Kiarabu, masharubu, birika la kahawa lenye mdomo mrefu, na maneno yasiyokwisha. Kusema kweli alikuwa anachosha. Umeme ukikatika Newala, atakueleza ya Suwayda. Harusi ikichelewa kuanza, Suwayda. Mashehe walipomsikia akiongea Kiarabu walimkaribisha msikitini, naye akawaeleza kwa adabu kwamba yeye ni mtu wa Jumapili, na kwamba hata hao waliomfundisha lugha hiyo wana dini yao, ambayo hawamhubirii mgeni wala hawampokei anayeomba kuingia. "Nimeishi nao, nimekula nao," alisema, "lakini siri ya ibada yao siijui, na sikuwahi kuuliza. Kwani sisi mambo ya jandoni tunamwambia nani?" Mashehe wakacheka, na urafiki ukaanzia hapo.

Ukimvumilia lakini, ulianza kuona anakoelekea. Suwayda, alisema, ni mji wa mlimani uliojengwa kwa mawe meusi ya volkano, na katikati ya nyumba za leo zimesimama nguzo za Warumi na za waliowatangulia. Mji ulikuwa karibu mahame Wadruzi walipofika kwa makundi kutoka milima ya Lebanoni, wakikimbia vita na ugomvi wa huko. Wakajenga kwa mawe yaleyale ya kale, wakapanda mizabibu na mitufaha, wakakaa na majirani zao Wakristo. Walikaa juu kwa sababu juu kulikuwa na usalama. "Na sisi je?" alikuwa akiuliza. "Babu zetu walipanda huku juu kufuata nini, na maji hakuna? Walikuwa wanawakimbia watu waliokuja kuwakamata wakawauze. Mama zetu wameteremka bondeni na mitungi miaka yote hiyo ili tulale salama." Kisha angefika kwenye kisa alichokipenda kuliko vyote. Wakati wa utawala wa Wafaransa, mtu mmoja aliyekuwa akisakwa alikimbilia kwa mkubwa wa Kidruzi katika kijiji kilicho karibu na Suwayda. Mwenyeji hakuwepo, askari wakamkamata mgeni. Mwenyeji aliporudi akamdai mgeni wake, wakakataa kumtoa, akashika silaha. Nyumba yake ikabomolewa, na miaka michache baadaye nchi nzima ikawaka. "Kwa ajili ya mgeni!" Mdruzi alikuwa akisema, akijipiga goti. "Hata ndugu yake hakuwa!"

Ndiyo maana alikipenda chitala. Kwa wasomaji wa mbali, chitala ni banda la baraza la Wamakonde, lililo wazi pande zote, ambapo wanaume wa ukoo hukutana, kesi huamuliwa, na mgeni hukalishwa na kulishwa kabla hajaulizwa anatoka wapi. Huko Suwayda pia, alituambia, kila ukoo una chumba chake cha wageni, na hakuna anayethubutu kukiuza. Chitala cha mtaa wake kilikuwa kando ya barabara ya Mkunya, na kila aliyezeeka pale atakuambia kwamba waliovuka Ruvuma wakikimbia vita vya Mreno walikaa humo kwanza, wakala humo, watoto wao wakalala humo, ndipo wakagawanywa kwenye nyumba za watu. Mimi mwenyewe nilipofika Newala kufundisha, mtu wa mkoa wa mbali nisiyejua hata neno moja la Kimakonde, nilikalishwa humo. Mdruzi akanimiminia kahawa chungu katika kikombe kisicho na mkono. Nikanywa. Akamimina tena. Nikanywa tena kwa heshima, naye akaendelea kumimina kwa heshima, mpaka moyo ukawa unanidunda kama nimepanda mteremko wa Newala kwa mguu. Watu wote chitalani walikuwa wamejiziba midomo kwa kicheko. Hatimaye mmoja akanihurumia: "Mwalimu, tikisa kikombe! Usipokitikisa anajua bado unataka!" Nikakitikisa. Nikamuuliza mwenyeji wangu kwa nini hakuniambia. "Neno la basi ni la mgeni," akajibu. "Mwenyeji hana ruhusa ya kulisema." Kila afisa mpya aliyehamishiwa Newala alipitishwa kwenye mtego ule, na kila aliyepitishwa akawa mwenyeji tangu siku hiyo.

Sasa nije kwenye soko huria. Sina ugomvi na biashara. Nilipanga foleni ya sabuni kama wenzangu, na maduka yalipojaa nilifurahi kama wenzangu. Kazi zilipopunguzwa, Mdruzi alikuwa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani, na hata hilo alilimeza, akalima mikorosho yake akanyamaza, kama tunaweza kusema aliwahi kunyamaza. Lakini wanunuzi binafsi wa korosho waliporuhusiwa, alikuja tajiri mmoja kutoka mjini kutafuta pa kujenga ghala, na macho yake yakatua kando ya barabara ya Mkunya. Ukaitishwa mkutano. Viongozi wetu wa mtaa wakasimama, bila aibu, wakakiita chitala kile "eneo lisiloendelezwa". Lisiloendelezwa! Mahali palipopokea taifa zima la wakimbizi, palipopatanisha ndugu walioshikiana mapanga, palipomfanya mtu wa mbali kama mimi awe na kwao! Nilisimama nikasema hivyo hivyo, nikaambiwa mimi ni mtu wa kuja. Mdruzi akasimama baada yangu. Hakupaza sauti. "Kule Suwayda walikamatiwa mgeni mmoja, wakashika silaha," alisema. "Ninyi mnanyang'anywa nyumba ya mgeni, mnapiga makofi. Kesho mtu akija mtamweka wapi?" Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Nenda kwenu Suwayda, mzee!" Mkutano mzima ukaangua kicheko, na katika kicheko kile jambo likapita.

Vijana wale waliahidiwa vibarua vya kupakia magunia. Walipakia kwa msimu, kisha tajiri akaleta watu wake. Mdruzi alijaribu kuhamishia baraza kwenye kibaraza cha nyumba yake, lakini ni kibaraza cha kukaa watu wachache, na watu walikuwa wamekwisha kuzoea kupita moja kwa moja. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimkuta peke yake na birika lake, akiutazama ukuta wa ghala ng'ambo ya barabara. Nilimwamkia shikamoo, akasema, "Marahaba, Mwalimu, karibu. Leo kahawa iko nyingi." Sijui kama alikusudia kunichoma, lakini nilichomeka.

Basi nikapanda Newala siku ile ya mazishi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wa Mkunya, wa Makote, wa Chilangala, mashehe wote wale waliomkaribisha msikitini kwa Kiarabu chake, na maafisa waliokunywa kahawa yake zamani. Uwanja wake ni mdogo, tukajaa mpaka barabarani. Mvua ikashuka, mvua kubwa ile ya huku juu. Ng'ambo ya barabara lilikuwa ghala, bati jipya, na msimu wa korosho ulikuwa umepita, hivyo ndani hamkuwa na gunia hata moja. Mlangoni alikaa mlinzi chini ya bati lake. Tukamwendea, mimi na shehe mmoja, kumwomba awafungulie wazee na akina mama wenye watoto. Mlinzi alikuwa na haya, lazima niseme hivyo. Alisimama akatuamkia, "Shikamooni, wazee," kisha akasema, "Nisameheni. Mimi nimewekwa tu. Bosi kasema asiingie mtu, hata mmoja." Shehe akamwambia, "Mwanangu, kabla hapajawa ghala, baba yako alikuwa anakula hapa na mgeni wake." Yule akainamisha kichwa. Kufuli halikufunguliwa. Tulimzika Mdruzi tukiwa tumelowa, mita chache kutoka mahali pakavu palipokuwa petu, na yule kijana wa "nenda kwenu Suwayda", sasa mtu mzima mwenye mtoto mgongoni mwa mkewe, alikuwa amesimama karibu nami akimfunika mtoto kwa koti lake.

Nitawaambia ninachokijua baada ya siku ile, na anayetaka kunikasirikia anikasirikie. Sisi tuliamini kwamba tunauza kiwanja. Tulichouza ni uwezo wa kumwambia mtu karibu. Mji hauwi mji kwa sababu ya wingi wa maduka yake, maana maduka hata njia panda yapo. Huwa mji kwa sababu mtu asiyejulikana akifika kuna mahali pake pa kukaa, na hakuna mwenye ufunguo. Wadruzi wa mlima wao mweusi walilijua hilo wakalipigania. Wamakonde wa Newala walilijua vilevile, hawakufundishwa na mtu, na wakalitoa kwa makofi. Viongozi waliopitisha uuzaji ule wako hai, na wengine walikuwepo mazikoni, wamelowa kama sisi.

Mvua ilipopungua, mjane wake alitoka na lile birika la mdomo mrefu. Nilimwamkia kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nikampa pole. Alianza kumimina palepale barabarani, mtu kwa mtu, akianzia kwa mlinzi wa ghala, ambaye alipokea kwa mikono miwili huku analia. Aliponifikia akanijazia. Nikanywa, akanijazia tena, nikanywa tena. Wengine wote walikwisha kutikisa vikombe vyao. Mimi nilikishika changu bila kukitikisa, nikamtazama, naye akanielewa, akamimina.