Sikwenda Ngara Kuuliza

Siku yangu ya kwanza katika redio yetu ya Kiislamu, katikati ya Nairobi, Mhariri Mkuu alinirudishia karatasi bila kuisoma. "Isnadi iko wapi, binti?" akauliza. Kwake kila habari ilihitaji isnadi, yaani mlolongo wa majina: nani aliona, nani alimwambia nani, mpaka ikanifikia mimi. Na mtu akitajwa kwa ubaya, lazima aulizwe mwenyewe. Nilinung'unika, lakini miaka yote niliandika majina.

Alipostaafu tukaletewa Meneja wa Vipindi asiyejua subira. Asubuhi moja alinitupia simu mezani. Video ilimwonyesha mzee akichoma kurasa za msahafu nyuma ya duka lake, mtaa wa Ngara.

"Soma hii saa nne."

"Tumemuuliza mwenyewe?"

"Madam, dunia nzima imeshaona hii kitu! Unataka kuuliza nani tena?"

Nikasoma. Nikasema mzee amenajisi msahafu, na duka lake nikalitaja kwa jina.

Mzee yule alikuwa Fundi Yusuf, mjalidi wa vitabu, Mwislamu kama mimi. Madrasa zilimpelekea misahafu iliyochakaa, naye akazichoma kurasa kwa heshima zisije zikakanyagwa jalalani, kisha akazika majivu. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Nami nililijua! Kutoka ofisini hadi Ngara ni mwendo wa miguu. Sikwenda.

Kufikia adhuhuri mlango wa duka ulikuwa umevunjwa. Matusi yalimjia kutoka nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Jioni tulisahihisha, lakini nani husambaza masahihisho? Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Mimi nimekusamehe. Binti yangu yuko Kanada, bado anatumiwa video hiyo. Huko nako utakwenda?"

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Satellite, na hasira hazijaniisha. Nina hasira na yule meneja, na zaidi na nafsi yangu. Nina hasira na nyinyi pia, mnaofunga na kuswali, kisha vidole vyenu vinawasingizia watu msiowajua. Mwezi uliopita video ile iliingia katika kundi letu la WhatsApp la msikiti. Nikaandika kwamba ni uongo. Kijana mmoja, wa umri wa mjukuu wangu, akanijibu, "Shosh, tulia, hiyo ni forward tu."

Tu! Fundi Yusuf ameshazikwa. Video bado inazunguka, na siku hizi wameiwekea sauti ya mtangazaji anayesoma habari. Sauti hiyo ni yangu.