Sketi za Namba Saba

Mimi nina mdomo. Uliza mtu yeyote hapa Kamenu, Thika, anayenijua, atakwambia. Mpangaji akimwaga maji ya sabuni mlangoni pa mwenzake, ploti nzima itanisikia. Ukiacha bomba likivuja nitakutafuta mlango kwa mlango mpaka nikupate. Ndiyo maana landilodi alinipa kazi ya kusimamia ploti yake: vyumba kumi na viwili, vyoo viwili, tangi moja la maji na kamba nne za kuanika nguo uani. Kwa hivyo nikikwambia kwamba mdomo huo ulikataa kufunguka siku uliyohitajika, usidhani mimi ni mpole. Sijawahi kuwa mpole.

Kwetu watu huitwa kwa namba za milango. Namba Saba walikuwa mama na binti yake, wametoka upande wa Busia. Mama alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo Ruiru, anatoka asubuhi na mapema na kurudi jioni amechoka hadi salamu anakupa kwa kuinua mkono tu. Msichana alikuwa gredi ya tisa, mrembo, mpole, ana kiburi kidogo cha watoto wenye akili. Alikuwa anasoma huku anatembea. Siku moja aligonga mlango wa choo na paji la uso, akauambia mlango pole. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Walikaa nasi zaidi ya mwaka na sikuwahi kusikia neno baya juu yao.

Kisha siasa ikaanza kuchemka, na wewe unajua kwetu siasa ikichemka inamwagikia nani. Pale bombani watu wakaanza kusema "watu wetu" na "watu wa kule". Mara eti Namba Saba wanapika samaki ploti nzima inanuka. Mara eti wanakula huku na kura wanapigia kwao. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu, na nilicheka pamoja na wengine. Wacha niseme ukweli hapa, kwa sababu baadaye nilitaka sana kujifanya sikucheka.

Sketi ya kwanza ilikatwa mwezi wa tisa. Sketi ya shule, ya kijivu, imeanikwa kati ya shuka za watu wengine, na ni yenyewe tu iliyopasuliwa kuanzia kiunoni hadi chini, mkato mmoja ulionyooka. Mama yake aliishona usiku huo huo. Wiki iliyofuata ikakatwa tena, pamoja na blauzi. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ni chuki. Panya hachagui nguo za mlango mmoja.

Nilipiga kelele uani hadi sauti ikakwama. Watu wakarudi ndani kwao. Basi nikampa Namba Saba ushauri wangu, tena nikauona ni wa busara sana: aanike ndani. Chumba kimoja, dirisha moja linalotazama ukuta wa tangi na kamba za nguo, jua halifiki. Sketi zikawa hazikauki. Msichana akawa anaenda shule na nguo mbichi mwilini, akaanza kukohoa, kisha homa ikamlaza. Mama akanijia akasema, kwa upole kabisa, "Dada, nitaanika nje tu. Mtihani ni mwezi ujao. Heri wakate nguo kuliko mtoto augue." Alitaka kitu kimoja tu, binti yake afike kwenye mtihani wa kitaifa akiwa mzima, akiwa na mahali pa kulala karibu na shule. Nikamwambia, kwa huu mdomo wangu, "Hamtahama hapa kabla ya mtihani. Niachie mimi."

Siku mbili baadaye, saa nne za asubuhi, nilikuwa nyuma ya tangi nikiangalia kama maji yamefika. Uani hakukuwa na mtu. Nikamwona cucu, yule bibi mzee wa Namba Moja, akitoka kwake na leso mabegani, taratibu, kama anayeenda kuangalia nguo zake kama zimekauka. Alipita shuka zake. Alisimama mbele ya sketi ya kijivu, akaishika chini ili isipepee, akatoa wembe kwenye kona ya leso na kuipasua. Aliukunja wembe ndani ya leso tena, akageuka, akarudi kwake. Hakuwa na haraka yoyote.

Ngai, Mungu wangu! Nilishikilia tangi.

Lazima nikwambie cucu ni nani. Ndiye mkubwa kuliko wote ploti, na sote tulimwita cucu, nyanya wa kila mtu. Baba watoto aliponiacha, ndiye aliyenilelea wanangu wawili nikienda kuuza mitumba sokoni, na hakuwahi kuniuliza lolote. Alikuja Thika na leso moja, ule mwaka wa vurugu za uchaguzi kule Bonde la Ufa. Nyumba yake ilichomwa na ng'ombe wake wakaswagwa mbele ya macho yake. Mume wake alifia kambi ya wakimbizi, kwenye hema. Waliomtendea hayo hata hawakuwa wa kabila la Namba Saba, lakini ni kama kichwani mwake wote wamekuwa mtu mmoja.

Jioni nilienda kwake nikiwa nimejiandaa kufoka. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Akanikaribisha, akanimiminia uji, akauliza watoto wanaendeleaje. Nikasema, "Cucu, kuna mtu anakata nguo za yule mtoto." Nilisema "kuna mtu". Hapo ndipo nilipoanza kuoza.

Hakushtuka. Akapuliza uji wake. "Mwanangu," akasema, "mimi nilipofukuzwa, ni nani aliniitia mkutano?"

Nilikunywa uji nikamaliza, nikamshukuru, nikatoka. Huo ndio ukali wangu wote.

Nikafanya kile ambacho watu hufanya wakitaka kuonekana wanafanya kitu. Nikaitisha mkutano. Nilienda kwa ofisi ya naibu wa chifu, nikaeleza, wakafurahi kweli kweli, kwa sababu wana kamati ya amani na walikuwa wanatafuta mahali pa kuelimisha watu juu ya chuki. Wakaja Jumamosi alasiri na tisheti nyeupe zilizoandikwa amani kifuani. Walituvisha wote. Mimi nilipewa ya kunibana nikaonekana kama gunia limefungwa vibaya. Wapangaji walitoka na viti vyao, watoto wakanyamazishwa, na naibu akauliza, kama kawaida, mkubwa wetu ni nani atufungulie kwa maombi.

Macho yote yakamwendea cucu.

Nilikuwa karibu naye. Ningeweza kusema, "Hapana, nitaomba mimi." Sikusema. Cucu akainuka na tisheti yake ikimfika magotini, akafumba macho, akaomba. Aki ya Mungu, aliomba. Aliombea wajane na wanaolala nje. Akaombea nchi isirudi ilikotoka, na machozi yakamtoka, ya kweli, hayakuwa ya kuigiza. Watu walilia. Mimi nililia pia, na sijui nilikuwa nikimlilia nani.

Naibu alizungumza vizuri. Alisema chuki huanza na maneno ya utani pale bombani, na yeye hajawahi kuteka maji kwetu! Alisema kukata nguo ya mtu kwa sababu ya kabila lake ni kosa la jinai, na kwamba anayeona na kunyamaza anaisaidia. Watu walitikisa vichwa. Kisha akamwita Namba Saba aseme.

Mama yule alisimama akashikilia mgongo wa kiti. "Sitaki mtu afungwe," akasema. "Sitaki hata kumjua. Naomba wiki tatu tu, mtoto afanye mtihani. Baada ya hapo tutaondoka, kama ndiyo mnataka."

Hakuna aliyemwambia asiondoke. Nasema hivi nikijihesabu na mimi.

Naibu akauliza, "Kuna aliyeona anayefanya hivi?" Akangoja. Niliangalia viatu vyangu. Nilijiambia nitamwona faraghani. Nilijiambia cucu ni mzee, akipelekwa kituoni ataanguka afe, na ploti nzima itasema nimeuza mama yetu kwa watu wa kule. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi sana. Mkutano ukaisha, tukapigwa picha, cucu akiwa katikati. Naibu akaniachia fomu ya malalamiko nijaze. Niliijaza yote kwa mwandiko mzuri, jina la mlalamishi, tarehe, kilichoharibiwa. Mahali pa shahidi nikaacha wazi. Karani wa chifu aliitazama akasema bila shahidi ni uvumi tu, akanirudishia.

Wiki moja ilipita kimya, nikaanza kujisifu moyoni. Jumamosi kabla ya wiki ya mtihani, sketi zote mbili na sweta zilikutwa chini ya kamba, zimekatwa vipande vipande. Safari hii hazingeshoneka hata na fundi wa kiwanda.

Namba Saba hakulia. Alimpigia simu dada yake anayeishi Mwiki, na Jumapili asubuhi pikapu ikaja. Mtihani ulikuwa Jumatatu, shule iko Kamenu, na sasa mtoto angelazimika kuamka alfajiri kusafiri kutoka Mwiki kila siku, na sketi ya kuazima. Nilikuwa nimemwahidi. Nilibeba godoro, nikabeba ndoo, nikabeba kila kitu nilichoweza kubeba. Msichana alikaa mbele kwenye pikapu na kitabu mapajani, hakikufunguliwa. Nilimwambia, "Kila la heri, mama." Hakunitazama.

Mama yake alinipa ufunguo. Nikaanza kusema pole, kwamba nilijaribu, kwamba watu wa hapa ni wagumu. Akanishika mkono, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Dada," akasema, "siku ile mtoto alikuwa amelala na homa. Kitanda chake kiko dirishani. Alimwona cucu, na alikuona wewe nyuma ya tangi."

Niligeuka kumtazama msichana kwenye pikapu.

"Sisi tungesema nani angetuamini? Nikamwambia, nyamaza, huyu mama ana mdomo, ni mtu wao, atasema tu. Hata kwenye mkutano mtoto alinifinya akaniambia, mama, sasa anasimama." Akaniachia mkono. "Tulikungoja."

Walienda. Nilisimama pale langoni mpaka mtu akanipigia honi nitoke njiani.

Jumatatu nilienda kwa ofisi ya chifu ilipofunguliwa tu, na fomu ile ile imekunjwa. Nikajaza jina langu mahali pa shahidi mbele ya karani, nikamwambia nimeona kwa macho yangu na nitasema mbele ya yeyote. Alisoma polepole. Akauliza mlalamishi yuko wapi, aje aweke sahihi.

"Amehama," nikasema. "Jana."

"Aa," akasema, na uso wake ukapata nafuu. Akaweka fomu kwenye droo. "Basi si mmemaliza wenyewe kwa wenyewe bila kusumbua polisi. Asante, mama. Hivyo ndivyo tunataka."