Mustari wa Mama kule Karuba

Kila nikisikia mchi ukigonga kinu, mate yananijaa mdomoni, na mara niko Karuba tena, mtoto wa miguu yenye matope na pua inayochuruzika kwa baridi ya Masisi.

Tulikuwa tumehamia huko kutoka Itebero, msituni Walikale, mimi, Mama na mdogo wangu. Wamama wa chapeli walikuwa na bustani ya pamoja mlimani, wakatugawia mustari mmoja, yaani kipande chetu cha kulima. Sheria yao ilikuwa hii: siku ya mavuno kila mama analeta chungu alichopika kutoka mustari wake, watu wote wanakula pamoja. Asiye na cha kuleta, mustari wake anapewa mwingine. Na sisi hatukuwa na udongo mwingine wa kutulisha.

Sasa mama yangu akapanda nini? Mihogo! Kwenye mlima ule wa viazi, maharagwe na kabichi. Vijiti alikuwa amevibeba toka Itebero, amevifunga ndani ya kitenge kama mtoto mchanga.

"Mama Neema," Mama Riziki, msimamizi wa bustani, akamwambia Mama, kwa maana Neema ni mimi, "huku iko baridi. Muhogo haiwezi kuzaa. Panda viazi kama sisi."

"Aksanti, dada. Tutaona," Mama akajibu, akaendelea kulima.

Wamama wale walicheka, jamani! Mimi niliona haya mpaka nikawa napita njia ya nyuma. Mavuno yalipokaribia nilifukua shina moja, nikakuta mzizi mwembamba kuliko kidole changu. Nikalia palepale, kwa sababu nilijua tunanyang'anywa mustari.

Siku yenyewe Mama alichuma majani yote ya mihogo yake, akatwanga bila haraka, akapika na mawese mpaka kijiji kizima kikanusa. Vyungu vikapangwa kwenye majani ya migomba: viazi, viazi na maharagwe, viazi na kabichi. Mama akafunua cha kwake. Sombe!

Mama Riziki akaonja. Akajipakulia tena.

"Yesu wangu! Sombe ya huku huku kwetu? Ile ya soko inafikaka imenyauka!"

Chungu chetu kilikwanguliwa kabla ya vingine vyote, na wamama walewale waliocheka wakaanza kumzunguka Mama wakiomba vijiti vya kupanda. Mustari ulibaki wetu. Nilifurahi mpaka nikamrukia mdogo wangu, tukaanguka wote matopeni.

Miaka mingi niliamini Mama alibahatika tu. Juzi, nami sasa nikiwa na watoto wangu, nikamuuliza kama siku ile hakuogopa. Akanicheka sana.

"Niogope nini? Nilijua muhogo haitazaa, nilipandaka majani. Viazi, kila muntu alikuwa nayo. Sisi tulikuwa wageni, mwanangu. Nilitaka wapate kitu yenye watakosa siku wakitufukuza."