Shingo ya Swala

Kaka yangu alifika nyumbani kwetu Itigi saa mbili asubuhi. Swala alikuwa amefungwa nyuma ya bodaboda kwa mipira, miguu imekunjwa, kichwa kimefunikwa gunia. Dereva alitusaidia kumshusha, akaondoka bila kunywa chai. Kabla hata hajaketi, kaka alinionyesha kibali chake cha kuwinda, kimefungwa kwenye nailoni, kwa sababu majirani wakiona nyama ya porini huanza kuuliza, na mimi ndiye huwa ninawajibu.

Alikwenda porini kwa ajili ya bibi. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu atoke hospitali na alikuwa hali chochote. Uji vijiko vinne, anasukuma kikombe. Mifupa ya mabega ilishaanza kuinua khanga. Siku moja alisema kwamba kitu pekee ambacho koo lake lingekubali ni nyama ya swala, kama aliyokuwa akiletewa na babu. Kaka aliichukua kauli hiyo kama amri.

Bibi ni Mwislamu. Mama, ambaye ni binti yake, alibatizwa alipoolewa, na sisi watoto tumekulia kanisani. Bibi alipohamia kwetu hakuna kikao kilichokaliwa, lakini tangu hapo hakuna kuku aliyechinjwa na mmoja wetu. Hata jogoo wa Krismasi tunampeleka kwa jirani Mwislamu, anamchinja, tunarudi naye. Bibi hakutuomba tufanye hivyo. Analetewa sahani, anasema bismillahi, anakula.

Kwa hiyo tulipokuwa tunamning'iniza swala kwenye boriti ya banda, miguu ya nyuma juu, niliuliza, "Nani kamchinja?"

"Dereva. Si unajua anaswali? Mimi nilipiga risasi, yeye akakimbia, akamwahi."

"Mbona kaondoka haraka hivyo?"

"Kachoka. Umekuwa polisi? Shika mguu."

Nikashika. Kaka alianzia kwenye vifundo, akapasua ngozi upande wa ndani wa mapaja, kisha tukaivuta pamoja kuelekea chini, yeye akiiachanisha na nyama kwa ngumi. Matumbo alishayatoa porini. Ngozi ya swala haina mafuta kama ya mbuzi, inatoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Tulipofika kifuani niliona tundu la risasi. Nyama iliyolizunguka ilikuwa nyeusi, imevimba, damu imeganda ndani yake. Hivyo ndivyo jeraha la mnyama aliye hai linavyokuwa.

Kisha tukafika shingoni. Pale mkato ulikuwa safi kabisa. Nyama ilikuwa na rangi ileile juu hadi chini, kingo zimekauka, hazikuvimba, hazikuwa na damu. Nimekulia karibu na mnada, nimeona mbuzi wengi wakichinjwa. Shingo iliyokatwa moyo ukiwa unapiga haiwi hivyo.

"Hiyo shingo wape mbwa," kaka alisema.

"Shingo ndiyo yenye supu."

"Nimesema wape mbwa."

Nilimtazama mpaka akaacha kisu. Mama alikuwa jikoni, anavunja kuni. Kaka akashusha sauti.

"Alikimbia mbali, mdogo wangu. Tulimkuta ameshakufa. Dereva akakataa kabisa kushika kisu. Nikakata mwenyewe."

"Kwa nini ukate mzoga?"

"Ili aonekane kachinjwa. Wewe humwoni bibi anavyokwisha? Mwache ale. Kama hajui, dhambi si yake, ni yangu. Nimeshaikubali."

Nilikata mapaja, nikatenga mbavu, nikatoa nyama ya mgongo ambayo ni laini kwa mtu mwenye meno machache, nikaipeleka kwa mama. Shingo niliwapa mbwa.

Mchana mama alipika bila viungo vingi, chumvi, kitunguu na nyanya, kama bibi alivyotaka. Tukamkalisha mkekani, mama akamnawisha. Kipande cha kwanza alikitafuna muda mrefu. Akachukua cha pili. Akachukua na tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi. Mama aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Babu yenu alikuwa analeta wakubwa," bibi alisema. "Huyu mlimkamata akiwa anakwenda shule?"

"Bibi ameanza matusi," kaka alisema. "Amepona huyu!"

Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa nahesabu vipande. Vilifika sita. Nilijiambia kwamba kaka hakukosea. Mtu aliyekuwa anakwenda kufa alikuwa anakula na kututania.

Kisha bibi akasema, "Leteni bakuli lenye mfuniko. Wale wenzangu wawili waliokuja kuniombea dua, wapelekeeni na wao waonje."

Mama akaniletea bakuli. Nikasimama nalo mbele ya sufuria. Kaka alinitazama, akatikisa kichwa taratibu.

"Bibi," nikasema, "hii nyama tusiwapelekee. Swala alikufa kabla ya kisu."

"Unasema nini wewe?" mama aliuliza.

Bibi aliacha kutafuna. Akatoa kilichokuwa mdomoni, akakiweka pembeni ya sahani. Nilidhani atamgeukia kaka. Alinigeukia mimi.

"Umejua lini?"

"Asubuhi. Tulipokuwa tunamchuna."

"Mimi nilikuwa sijanawa?"

"Ulikuwa hujanawa."

Akaomba maji. Akasukutua mara tatu, mama akimshikia beseni, kisha akasema anataka kulala. Kaka alitoka nje, nikamsikia akiongea na mbwa.

Jioni kaka ndiye aliyempelekea uji. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, nikamsikia akilia na kuomba msamaha, na bibi akimjibu, "Nimekusamehe. Wewe ulitaka nile tu." Alikunywa uji nusu kikombe.

Nilingoja kaka atoke, nikaingia, nikapiga magoti karibu na kitanda. Nikamwambia kwamba nami naomba msamaha, nilinyamaza kwa sababu nilimwona anakula.

"Basi ungeendelea kunyamaza," alisema, "au ungesema mapema." Akajifunika. "Nimechoka, mjukuu wangu. Zima taa."

Nikazima, ingawa nje jua lilikuwa bado halijazama.